Gharama ya Kuambizana Saa



Naomba nianze na abiria aliyeketi ubavuni mwa boti iendayo Unguja kutoka Dar es Salaam, akizungumza kwa simu na jamaa zake aliowaacha bara. Kwani katika simu ile, na katika mwendo wa boti ile wa mita 15 hivi kila sekunde, ndimo lilimo jambo lote nililokuja kulieleza jioni hii.

Mawimbi ya redio yanayobeba mazungumzo yale, pamoja na wepesi wake, nayo yana safari: hukata takriban mita 300 kwa maikrosekunde moja. Simu iliyo umbali wa kilomita 30 kutoka mnara wa mtandao huisikia saa ya mnara huo ikiwa imekwisha kuchelewa maikrosekunde 100, na jibu lake huchelewa 100 nyingine. Na maadamu mnara mmoja husikiliza simu nyingi kwa zamu zilizopakana kama vigae vya paa, sauti ya aliye mbali, ikiachwa ifike ifikapo, itaangukia zamu ya jirani na kuwaharibia wote wawili. Kwa hiyo mnara humwamuru aliye mbali awahi kusema kabla ya zamu yake, kila mtu kwa kadiri ya umbali wake.

Waliotunga mtandao wa GSM, ulioanza kazi Ufini mwaka 1991, waliigawa amri hiyo daraja 64, kila daraja ikiwa sawa na mita 550 hivi, ndiyo sababu mnara wao aghalabu haukuvuka kilomita 35; na simu iliyo katika mazungumzo ikawa inaambiwa daraja yake kila milisekunde 480, iwe imesogea au imekaa kitako. Mtandao wa LTE, uliokuja baadaye, ulipunguza maneno: amri hutolewa panapo haja, nayo huwekewa muda, ambao ukiisha bila ya amri mpya, simu huhesabiwa kuwa imepotewa na saa, isiwe na idhini ya kupeleka kitu mpaka ibishe hodi upya.

Lakini katika LTE daraja moja ni mita 78, na boti yetu huzikata kwa sekunde 5 tu. Amri yenyewe haizidi baiti 2, na mtu atauliza, baiti 2 ni kitu gani? Jawabu ni kwamba haisafiri peke yake: hutanguliwa na tangazo la kuielekeza simu isikilize wapi, na hufuatwa na jibu la simu kukiri kuwa imepokea. Tena wakiwamo abiria mia wanaozungumza, kila mmoja huambiwa peke yake habari ile ile, ilhali wote wamo katika chombo kimoja na nahodha mmoja. Hili ndilo linaloniuma, na miaka yote niliyoshughulika na elimu hii sijaona israfu iliyo wazi kuliko hii.

Satelaiti inayofanya kazi ya mnara ndiyo iliyotulazimisha kufikiri vingine. Iliyo karibu na dunia hukimbia kilomita 7 na nusu hivi kwa sekunde, na kwa desturi ya zamani kila simu ingehitaji makumi ya amri katika sekunde moja. Kanuni za 3GPP, jumuiya inayotunga kanuni za mitandao ya simu, za toleo la 17, zilizokamilika mwaka 2022, zikashika njia nyingine: satelaiti hutangaza kwa wote mahali ilipo na mwendo wake, na simu, ikijua kwa GPS mahali ilipo yenyewe, hupiga hisabu ya kuwahi kwake bila ya kuambiwa. Tangazo moja hutosheleza maelfu. Gharama haikutoweka, kwani sehemu yake imehamia katika betri ya simu, na kwa mvuvi asiye na umeme chomboni hilo si dogo. Hata hivyo mimi naiona njia hii ndiyo iliyo sahihi.

Na kwa kitu kisichosogea, hata GPS haihitajiki. Itazameni dira ya maji iliyofungwa ukutani: katika toleo la 16 la kanuni hizo iliruhusiwa kuhifadhi kipimo cha kuwahi ilichopewa zamani, na kila iamkapo kutaka kupeleka tarakimu zake, husikiliza kwanza nguvu ya sauti ya mnara. Ikiikuta haijabadilika, na muda iliowekewa haujapita, hukitumia kile kile cha zamani, ikapeleka tarakimu zake bila ya kubisha hodi, kisha ikalala tena.