Forest au Vorst: Jinsi kompyuta za Ubelgiji zinavyoelewana

Jiji la Brussels lina manispaa 19, na mojawapo, iliyo upande wa kusini-magharibi, ina majina mawili: Forest kwa Kifaransa, Vorst kwa Kiholanzi. Binadamu hutambua kuwa ni mahali pamoja. Kompyuta haitambui mpaka iambiwe, na kwa hiyo katika orodha rasmi za serikali manispaa hiyo hutajwa kwa namba, 21007, isiyo ya Kifaransa wala ya Kiholanzi.

Jambo hilo si dogo. Mwezi Februari mwaka 2025 kiwanda cha magari cha Audi kilichokuwapo Forest kilifungwa, na wafanyakazi wapatao 3,000 wakakosa ajira. Mafao ya mtu wa namna hiyo hutegemea taarifa zilizotawanyika: mishahara yake ipo kwa mwajiri, bima ya matibabu kwingine, anwani katika daftari la wakazi. Sheria ya mwaka 1990 iliunda Benki ya Njia Panda ya Hifadhi ya Jamii. Licha ya jina lake, benki hiyo haiweki fedha, wala hailimbikizi taarifa zote za watu. Hujua taarifa ipi iko wapi, na kupitisha ujumbe.

Shida ni kwamba programu ya taasisi moja yaweza kuwa imeandikwa kwa Java, na ya nyingine kwa C#. Hapo ndipo XML, iliyoidhinishwa mwezi Februari mwaka 1998, inapofanya ukalimani: kila kitu hugeuzwa kuwa maandishi yaliyozungushiwa majina yake. Tarehe huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Sehemu za desimali hutengwa kwa nukta, ijapokuwa Wabelgiji wenyewe hutumia mkato.

Hatari kubwa zaidi imo katika kile kisichoandikwa. Tarehe ya kawaida katika C# haiwezi kuwa tupu. Mtu ambaye bado yuko kazini, hivyo hana tarehe ya kuacha kazi, aweza kutumwa na tarehe 1 Januari ya mwaka wa 1. Programu inayopokea huiona kuwa ni tarehe halali kabisa, na kumhesabu mtu huyo kuwa aliacha kazi karne ishirini zilizopita! Waandishi makini wa programu hukubaliana mapema, katika waraka wa kanuni za ujumbe, ni sehemu gani yaweza kukosekana, na hutumia alama maalumu inayotamka wazi kwamba thamani haipo.