Mboga za Majani na Kumbukumbu za Wazee Wetu



Tunapowatembelea wazee majumbani tunasikia neno moja mara kwa mara: "Ni uzee tu." Bibi anapotea njia ya shambani, babu hamtambui mjukuu wake, nasi tunasema ni uzee. Wengine husema amerogwa. Ukweli ni kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo. Uchunguzi wa mwaka 2009 na 2010 katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikadiria kuwa wazee wapatao 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na zaidi walikuwa nao.

Je, chakula kinasaidia? Mwaka 2018 watafiti wa Chicago, Marekani, walitoa matokeo ya kuwafuatilia wazee wapatao 960. Waliokula mboga za majani karibu kila siku, kumbukumbu zao zilipungua polepole kuliko za wale waliozila kwa nadra. Mboga hizo zina foleti, vitamini K, nitrati, na luteini ambayo hupatikana pia ndani ya ubongo wenyewe.

Hata hivyo, tusizidishe maneno. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya jaribio jingine la Marekani lililowahusisha watu 604 kwa miaka 3. Waliopewa mlo wenye mboga nyingi za majani hawakuwapita sana wenzao waliopunguza tu kiasi cha chakula. Kwa hiyo mboga si dawa ya kurudisha kumbukumbu, na anayeuza unga wa majani kwa ahadi hiyo anawadanganya wazee.

Faida iliyo wazi zaidi hupitia kwenye mishipa ya damu. Kule Hai, karibu wazee 7 kati ya 10 walikutwa na shinikizo kubwa la damu. Shinikizo hilo huharibu mishipa midogo ya ubongo bila mtu kusikia maumivu. Nitrati na potasiamu zilizo katika mboga husaidia kulishusha. Chumvi nyingi hulipandisha.

Sisi wa Usambara hatuhitaji kuagiza mlo huo kutoka mbali. Mwaka 1979 mtafiti Anne Fleuret aliandika juu ya mboga za porini katika chakula cha Wasambaa wa hapa Lushoto, akaonyesha kuwa zina nafasi kubwa katika mlo wa nyumbani. Mnavu, mchunga na mchicha ni mboga tulizolelewa nazo. Leo kabichi, karoti na nyanya zetu zinapanda magari kwenda Dar es Salaam, na mzee asiye na meno anabaki na chai ya sukari nyingi na mkate. Anayelisha jiji asikose mboga jikoni kwake.

Tunaziomba kamati za sharika mambo manne.

Kwanza, kila anayekwenda kumtembelea mzee aulize amekula nini jana, na achukue fungu la mboga. Zisichumwe kando ya nyanya zilizopuliziwa dawa.

Pili, mboga za mzee zikatwe ndogo, zipikwe hadi zilainike kwa maji kidogo yasiyomwagwa, zitiwe mafuta kidogo au karanga zilizosagwa ili mwili uipate luteini. Chumvi iwe kidogo.

Tatu, mzee apate pia yai, maziwa au dagaa. Mboga hazina vitamini B12, na upungufu wake nao huleta usahaulifu, ambao mara nyingi hutibika ukigundulika mapema.

Nne, apimwe shinikizo la damu. Akianza kusahau, apelekwe hospitali, si kwa mganga.

Kwenu wafadhili: kabla ya kufikiria makasha ya vidonge vya vitamini, tusaidieni kupata mashine za kupimia shinikizo na mbegu za mboga za asili kwa bustani za wazee. Mashine moja huhudumia mtaa mzima, na mchicha huwa tayari kuchumwa baada ya wiki chache.

Wazee hawa ndio wanaokumbuka mipaka ya mashamba, majina ya koo na nyimbo za ibada. Tuwatunzie kumbukumbu hizo wangali nazo.