Samaki Wetu, Bei ya Mbali



Hapa Rusinga ni maji kila upande, na ngege na omena ndio riziki ya wengi. Lakini ingia masoko ya Nairobi: utakuta tilapia wa barafu kutoka China, bei chini kuliko wa ziwa letu. Jiulize, imekuwaje?

Oktoba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alitaka samaki hao wazuiwe. Kaimu balozi wa China akasema hiyo ni vita vya kibiashara. Wakati huo Kenya ilikuwa inatafuta pesa za China kuifikisha reli ya SGR Kisumu. Marufuku haikudumu. Anayeomba mkopo hana sauti mbele ya anayemkopesha.

Na hata tungefunga mlango, bado. Watu wanataka samaki, na ziwa limevuliwa mno. Vile vizimba mnavyoviona majini ni jibu, ila ni nusu tu. Gharama kubwa ya kufuga samaki ni chakula, na soya yake nyingi huagizwa. Dola ikipanda, anayeumia ni wewe mwenye kizimba.

Basi tusidai ushuru peke yake. Kaunti ya Homa Bay ikiita wananchi kwenye bajeti, nenda ukaulize: chakula cha samaki kitatengenezwa wapi? Vifaranga bora vitatoka wapi? Barafu itafika lini ufuoni? Katiba ya 2010 inakupa nafasi hiyo. Na wewe unayesomea ufundi au sayansi, kazi iko hapa ziwani.