Mbuzi wa Kashmiri na Urefu wa Usiku



Kila nizungumzapo juu ya sufu ya kashmiri, hakosekani wa kuuliza kwa nini mbuzi hao wasiletwe Makete au Njombe, maana huko baridi ipo tele. Swali ni zuri, ila limesimama juu ya dhana kwamba baridi ndiyo inayootesha sufu. Baridi kali ya nyika za Asia ya Kati ndiyo iliyomfanya mbuzi huyu aihitaji. Majira ya kuanza kuiotesha anayasoma kwenye mwanga.

Nianze na ngozi. Mbuzi wa Ordos, katika Mongolia ya Ndani, ana vinyweleo vya aina mbili. Vya kwanza hutoa nywele ndefu na ngumu za juu, na kila kimoja kina tezi ya jasho na msuli wake mdogo. Katikati yake vimejipanga vinyweleo vya pili, vingi zaidi, visivyo na msuli wala tezi ya jasho. Hivyo ndivyo vinavyotoa sufu, nyuzi zenye kipenyo cha mikroni 13 hadi 18 hivi. Ikizidi mikroni 19, soko haliiti tena kashmiri. Vinyweleo hivyo vya pili huanza kazi siku zinapoanza kufupika baada ya Juni, na hupumzika karibu na Desemba. Majira ya kuchipua sufu hung'oka, ikianzia kichwani na shingoni kurudi nyuma. Mfugaji humlaza mbuzi ubavu, akamchana taratibu kwa chanuo la waya lenye meno yaliyopinda. Akiwahi mno, sufu haitoki na ngozi inachubuka. Akichelewa, ataiokota vichakani.

Mbuzi anajuaje tarehe? Mwanga huingia machoni, habari ikafika kwenye hipothalamasi, kisha, jambo ambalo bado hunistaajabisha, ikateremka hadi kwenye neva za shingoni ndipo ipande tena kwenye tezi ya pineali, katikati ya ubongo. Neva hizo zikikatwa, mnyama anaona vizuri lakini hawezi tena kupima siku. Usiku tezi hiyo humwaga melatonini, homoni iliyotambuliwa mwaka 1958 na Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale kutoka kwenye tezi za ng'ombe. Usiku mrefu, melatonini hukaa muda mrefu. Usiku mfupi, muda mfupi. Tezi ya pituitari husoma muda huo na kupandisha au kushusha prolaktini, homoni ileile tunayoifahamu kwa maziwa. Prolaktini huwa juu kiangazi na chini majira ya baridi. Uskoti, mbuzi walipopewa dawa ya kuizuia isipande majira ya kuchipua, vinyweleo vyao vilichelewa kuamka.

Hapa wanafunzi hujikwaa. Siku ya katikati ya Agosti na siku ya mwisho wa Aprili zina urefu unaokaribiana, lakini Agosti sufu inaota na Aprili inang'oka. Mbuzi hapimi siku moja peke yake; anailinganisha na zilizotangulia, anajua kama usiku unarefuka au unafupika. Ushahidi wa wazi uko Australia, ambako mbuzi wenye sufu ya namna hii huiotesha kuanzia Desemba hadi Juni. Kalenda yao imegeuka miezi sita, sawasawa na jua la huko.

Sasa Ordos siku ndefu hufikia saa 15 hivi, na fupi ni kama saa 9 na dakika 20. Makete tofauti hiyo ni takriban saa moja tu. Mwanga usipobadilika vya kutosha, kila mnyama hufuata saa yake: kondoo wa aina ya Soay waliowekwa kwenye mwanga usiobadilika waliendelea kupandisha na kushusha prolaktini kwa saa yao ya ndani, lakini kila mmoja akaachana polepole na wenzake. Kundi la namna hiyo utalichana lini?

Ujuzi huu umeshaingia zizini. Mongolia ya Ndani kuna wanaompandikizia mbuzi melatonini chini ya ngozi majira ya kuchipua, ili sufu ianze kuota kabla ya wakati wake. Wengine humfungia kwenye zizi la giza wakati wa kiangazi, wakimpa mwanga saa 7 tu kwa siku. Mimi naliunga mkono zizi: halimwingizii mnyama kitu mwilini, na malisho yaliyochoka hupata nafuu kwa zile saa ambazo kundi limefungiwa. Ila joto la ndani linahitaji madirisha yanayopitisha hewa bila kupitisha mwanga, na lazima awepo mtu wa kufunga mlango kila siku jua likiwa bado kali, miezi yote ya kiangazi. Wanafunzi wangu wanaopenda majedwali ya homoni nawaomba waongeze safu moja ya ujira wake.