Kabla ya Kukata Ploti: Maneno Yaliyosemwa Katika Mkutano wa Tawi



Tumeombwa kusema juu ya kugawa ploti, maana wengi wetu twakaribia kustaafu, na wengine tumerithi nusu eka au robo kwa wazee wetu huko Kawangware, Riruta na Kangemi. Hatusemi kama mawakili. Twasema kama watu wa reli walioona mambo.

Mwenzetu mmoja alipomaliza kazi alitia kiinua mgongo chake chote katika ploti ya nyuma. Alionyeshwa kijia cha kupita kando ya nyumba ya mbele. Kijia kile kilikuwa cha mdomo tu, hakikuandikwa katika ramani. Mwenye ploti ya mbele alipokufa, wanawe walijenga vyumba vya kupangisha mpaka ukutani. Siku ya kumzika mwenzetu, jeneza lilipitishwa uani kwa jirani, baada ya kuomba ruhusa. Mjane wake yuko pale hata leo, na lori la kunyonya choo halimfikii.

Sisi twajua kituoni: behewa la nyuma halitoki ikiwa la mbele limefunga njia. Basi kwa nini nyumbani twasahau?

Mashamba mengi ya Dagoretti yalipimwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya kulima, yakaingizwa ndani ya mipaka ya jiji mwaka 1963. Kule Lavington barabara zilichorwa kwanza. Kwetu baba alikata kwa kamba, kila mwana kipande, wala hakuna aliyetaka kutoa futi zake kwa barabara.

Tufanye hesabu. Nusu eka ni futi za mraba 21,780. Tuseme upana ni futi 100 na urefu karibu 218, nao warithi ni wanne. Kila mmoja anahesabu 5,445. Lakini mkiacha barabara ya futi 30 ubavuni, mmetoa 6,540, na kila mtu anabaki na 3,810. Hapo ndipo ugomvi huanza. Afadhali ugomvi huo uwe mezani, mzee angali hai, kuliko kortini.

Tena msianze kwa fundi wa kuchimba msingi. Sheria ya mipango ya mwaka 2019 yataka kibali cha kaunti kabla ya kugawa. Kisha mpimaji mwenye leseni ndiye aweke bikoni, ndipo hati mpya zitoke. Karatasi ya mapatano iliyotiwa sahihi mbele ya wazee si hati. Kama hati mama ingali kwa jina la marehemu, nendeni kortini kwanza kwa ajili ya mirathi. Na mabinti wahesabiwe humo: sheria ya urithi, iliyoanza kazi mwaka 1981, haiwatengi, hata kama wameolewa. Twajua baadhi yenu mnanung'unika, lakini ndivyo ilivyo.

Anayenunua naye akatazame ramani, si hati peke yake, aone kama barabara imechorwa mpaka kwake.

Ikiwa robo eka haitoshi watoto sita, msiikate. Iandikwe kwa majina yao wote, wajenge nyumba moja ya kupangisha, kodi igawanywe kila mwezi. Wawili katika tawi letu wamefanya hivyo, nao wamekubali kujibu maswali tukimaliza chai.