Winga Auza, Mama wa Tabora Atukanwa

Juma hili nina deni la kulipa, na nitalilipa hapa hadharani kwa sababu kosa lenyewe nililifanya kwa sauti ya juu.

Miezi kadhaa iliyopita nilinunua asali. Sikwenda dukani. Niliiona picha kwenye simu, chupa zimepangwa juu ya meza yenye kitambaa cha maua, na chini yake maneno: asali halisi ya Tabora, lita moja shilingi 22,000, unaletewa ulipo, Dar es Salaam. Nikatuma fedha kwa simu. Zikapita siku mbili, nne, juma zima. Siku ya tisa kijana wa bodaboda akanikabidhi chupa ambayo kwa macho tu haikufika lita, na nusu ya asali yenyewe ilikuwa imeganda chini, chengachenga kama sukari. Niliyemlipa hakupokea simu tena. Lakini kwenye kibandiko cha chupa palikuwa na namba nyingine. Nikaipiga.

Akapokea mama mmoja mwenye sauti ya taratibu. Na mimi, mtu ninayelipwa mshahara kwa kuchagua maneno, nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa maana watoto wanasikiliza. Akangoja nimalize. Kisha akasema, "Pole sana, mwanangu. Fedha ulimtumia nani?"

Nikasoma jina lililokuwa kwenye ujumbe wa malipo. Halikuwa jina lake. Wala halikuwa jina la mtu anayemfahamu.

Wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa winga ni nani. Kwa wasikilizaji wa mbali niseme kwa kifupi. Winga hana duka, hana ghala, wala hana mtaji wa maana. Anapita Kariakoo, anapiga picha mali ya mwenye duka, anaiweka kwenye Instagram au WhatsApp kwa bei yake mwenyewe, na mteja akipatikana ndipo anakimbilia dukani kuichukua ile mali. Anakimbia pembeni mwa uwanja kama winga wa mpira. Siku hizi hata Kariakoo haendi. Anaichukua picha ya mtu aliye Tabora, Njombe au Pemba, anaibandika kwake, na mteja akilipa anamwagiza mwenye mali apeleke mzigo moja kwa moja. Mwenye mali anadhani anamuuzia mteja wa kawaida. Mteja anadhani amenunua kwa mwenye mali. Anayejua ukweli ni mmoja tu, naye simu yake haipatikani.

Wala tusidhani ni ujanja wa Bongo peke yetu. Huko Marekani biashara hii ni kubwa, na kampuni ya Amazon imeiwekea masharti: anayeuza mali inayopelekwa na mtu mwingine lazima yeye mwenyewe aonekane kuwa ndiye muuzaji, jina lake ndilo liwe kwenye karatasi za mzigo, na yeye ndiye apokee bidhaa zinazorudishwa. Yaani wameona kwamba ugomvi wote huanzia kwenye karatasi ile, mteja anapofungua mzigo na kukuta jina asilolijua.

Mwezi uliopita kazi ilinipeleka Tabora. Nikaona aibu kupita mjini bila kumtafuta mama yule. Nilimkuta nyumbani kwake, upande wa Isevya, ndoo za asali zimefunikwa kwenye chumba cha uani, mabinti wawili wanasafisha chupa. Nikamsalimu kwa Kinyamwezi changu kibovu, mwangaluka, akacheka, akanivutia kigoda. Nilipojitaja kuwa ndiye mimi niliyempigia simu siku ile, hakukumbuka. "Mnapiga wengi," alisema.

Kisha akanionyesha daftari. Ni daftari la kawaida la shule, la kurasa mia. Humo ameandika kila lawama aliyopigiwa: tarehe, mji, jina la mteja, jina la aliyelipwa, na kilichosemwa. Niliomba ruhusa nikalisoma kwa saa nzima, na nakwambia msikilizaji, sijasoma kitabu cha uchumi kilichonifundisha kiasi kile.

Lawama iliyoongoza ilikuwa ya kipimo. Mama anauza kwa kilo, na kwenye kibandiko ameandika kilo moja. Winga anaandika lita, kwa kuwa mjini tumezoea kununua vitu vya majimaji kwa lita. Sasa asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo moja na robo tatu ya nusu kilo, tuseme kilo 1.4, kwa hiyo kilo moja ya asali haijazi hata robo tatu ya chupa ya lita. Mama hakumpunja mtu. Winga pengine naye hakukusudia kupunja, hajui tu. Ila mteja ameahidiwa lita na amepata kilo, na anayetukanwa ni yule ambaye namba yake imo kwenye chupa.

Iliyofuata ilikuwa ile yangu, ya kuganda. Asali halisi huganda, hasa ikikutana na baridi, na kuganda peke yake si dalili ya kutiwa sukari. Ukiiweka chupa kwenye maji ya vuguvugu inarudi. Mama anajua, na mteja akinunua kwake anamweleza. Winga hawezi kueleza asichokijua. Katika daftari mlikuwa na habari ya winga mmoja aliyeona chupa zimeganda akazimimina kwenye sufuria, akazichemsha juu ya jiko la mkaa ili zing'ae kwenye picha. Asali ikaungua, ikawa nyeusi na chungu. Akaimimina tena kwenye chupa zilezile zenye jina la mama.

Halafu walikuwepo waliolipia asali ambayo haikuwepo kabisa. Msimu wa kurina ulikuwa bado, ndoo ni tupu, warinaji wa Sikonge wanasubiri maua, na huku mtandaoni picha ya mwaka jana inaendelea kuuza.

Jioni ile nilikwenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye lile tembe lililojengwa upya na kufanywa makumbusho ya Livingstone. Sikwenda kwa utalii. Nilitaka kukumbuka kisa ambacho shuleni tulipitishwa haraka, tukaambiwa tu kwamba Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871. Walichokuta huko kabla ya kukutana hatukuambiwa.

Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema Oktoba 1871, mgonjwa na amechakaa, akitegemea mzigo wake. Mzigo huo, vitambaa na shanga ambazo ndizo zilikuwa fedha ya njia ile, ulitoka Unguja. Balozi wa Kiingereza, Dakta John Kirk, alihusika kuuagiza. Bwana wa forodha Ludha Damji akaushughulikia. Kisha akakabidhiwa mtu aliyeitwa Sherif aupeleke bara. Mikono mitatu kabla haujamfikia mwenyewe. Alipofika akakuta Sherif ameshauza vyote, amejinunulia pembe za ndovu na watumwa. Kwa maelezo ya Livingstone katika shajara yake, Sherif alidai kwamba alipiga bao kwa Kurani akaona kuwa Mzungu amekufa, kwa hiyo mali haina mwenyewe.

Livingstone akaandika lawama. Alimwandikia nani? Si Sherif. Alimwandikia Kirk, kule Unguja. Stanley akaipokea lawama hiyo akaitangaza ulimwengu mzima katika kitabu chake cha mwaka 1872, na Kirk, ambaye hakuuza hata doti moja ya merikani ile, akabaki anajitetea. Livingstone mwenyewe alikaa hapo Kwihara kuanzia Februari hadi Agosti 1872, akingoja watu na vifaa vipya kutoka pwani. Sisemi kwamba Kirk hakuwa na kosa lolote. Aliyechagua njia ya kupitishia mzigo ana lake la kujibu. Lakini mwizi alikuwa mwingine, na barua haikwenda kwake.

Turudi Isevya. Kisheria mama yule hadaiwi na mimi mkataba wowote. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na aliyetoa maelezo ya lita kwangu ni winga, aliyepokea fedha yangu ni winga. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo inamtaka anayeuza kwa njia hiyo ajitambulishe kwa mteja, aseme anapatikana wapi na bidhaa yake ikoje. Ipo pia Tume ya Ushindani, chini ya sheria ya mwaka 2003, yenye wajibu wa kumlinda mlaji. Haya yote yapo vitabuni. Ila niambie, ni nani atakayeacha kazi zake kwenda kufungua malalamiko kwa ajili ya shilingi 22,000? Mimi mwenyewe sikwenda. Nilimpigia mama nikamtukana, kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi.

Nikamwuliza kwa nini basi asimwambie kila anayepiga kwamba si mteja wake, akakata simu. Akasema alifanya hivyo mwanzoni, kwa miezi miwili. Walichofanya wale waliokatiwa simu ni kwenda kuandika mtandaoni kwamba asali ya Tabora ni ya wizi. Hawakumwandika winga. Hata jina lake mama hawakuliandika. Waliandika Tabora. Warinaji wanaomletea asali kutoka porini, ambao hawana hata simu yenye picha, wakaanza kuulizwa na wanunuzi wengine kama wanatia sukari.

Tangu hapo amebadili mwendo. Akipigiwa, kwanza anasikiliza mpaka mwisho. Kisha anauliza fedha zilikwenda kwa nani, na anaomba picha ya kifuniko. Kila kifuniko anakiandika kwa kalamu ya wino tarehe ya kufungasha na namba ya ndoo, hivyo anajua kama chupa ni yake na kama imefunguliwa. Ikiwa ni yake na haijachezewa, anamwelekeza mteja la kufanya, na panapostahili anatuma nyingine, mara moja tu, akimweleza wazi kwamba aliyemuuzia si yeye. Ikiwa si yake, anasema si yangu, na anaandika daftarini. Hasara ni yake. Nilimwambia ni mzigo mkubwa. Akanijibu kwamba kupoteza chupa moja ni nafuu kuliko kupoteza jina la mkoa.

Mawinga hawachukii, na katika hilo tulibishana kidogo, maana mimi nilikwenda nimejaa hasira. Alinikumbusha kwamba bila wao asali yake isingefika Mbezi wala Mwanza. Yeye hajui kupiga picha za kuvutia, wao wanajua. Hata kubandika bei yake kwenye chupa amekataa, maana faida ya winga ingekufa na winga angekimbia. Alichofanya ni kuwatafuta wale walioagiza kwake mara kwa mara, akawaambia: uza kwa bei yako, lakini sema kilo usiseme lita, sema asali huganda, usipokee fedha kabla hujaniuliza kama ninayo, na mteja akilalamika pokea simu wewe kwanza. Wanne wamekubali. Hao anawawekea chupa hata msimu ukiwa mbaya.

Nikamwomba radhi, mbele ya mabinti zake. Nikanunua chupa mbili. Bei yake kwa kilo ilikuwa shilingi 13,000.

Aliyeniuzia mimi hayumo kati ya wale wanne. Asubuhi niliyoondoka Tabora nilifungua simu nikiwa stendi, nikaikuta picha ileile, chupa zilezile, kitambaa kilekile cha maua ambacho jana yake nilikuwa nimekalia mbele yake. Lita moja, imeandikwa, unaletewa ulipo. Bei imepanda, sasa ni 25,000.