Msitu Wenye Wenyewe



Leo tuzungumze juu ya msitu wa Duru-Haitemba, wilaya ya Babati, mkoa wa Manyara. Tulikwenda kuutembelea. Msitu huu uko juu ya vilima. Una miti ya miombo. Ukubwa wake ni kama hekta 9,000. Wanaoulinda ni wanavijiji wenyewe.

Zamani haikuwa hivyo. Watu walipasua mbao, wakachoma mkaa, wakafyeka mashamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilitaka kuufanya msitu wa hifadhi wa Serikali. Je, watu walifanya nini? Wengine walikimbilia kukata upesi. Walisema, "Kesho utakuwa si wetu." Basi msitu ukazidi kuumia.

Ndipo wanavijiji na wataalamu wa misitu wakakaa pamoja. Mwaka 1994 na 1995 vijiji vinane vilichukua ulinzi, kila kijiji na sehemu yake. Vilichagua kamati na walinzi. Viliandika sheria ndogo: jambo gani limekatazwa, jambo gani linataka kibali, jambo gani ni ruhusa. Anayevunja sheria hulipa faini. Baadaye Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliupa utaratibu huu nguvu nchini.

Hata sisi wageni hatukuingia ovyo. Tulipiga hodi kwanza ofisi ya kijiji. Tulieleza shida yetu, tukaandika majina yetu kitabuni, ndipo tukapanda kilimani. Msitu wenye wenyewe hupigiwa hodi kama nyumba.

Sasa, jamani, hapa ndipo kisomo chetu kinapohitajika. Shoka humaliza msitu. Lakini kalamu nayo yaweza kuumaliza! Kibali kimoja cha hila kinaweza kuangusha miti mingi kuliko wezi wa usiku. Faini ikilipwa, stakabadhi iko wapi? Fedha zimeandikwa katika daftari gani? Asiyejua kusoma huambiwa tu, naye hukubali.

Sisi tunajua kusoma. Kama kijiji chetu kina msitu, tuombe sheria ndogo tuzisome. Katika mkutano mkuu wa kijiji, tuombe daftari la mapato lisomwe mbele ya wote. Tusione haya kuuliza. Kuuliza si ugomvi. Ni ulinzi, sawa na ule wa mlinzi anayezunguka kilimani.